Miayo ya Jumanne

Saa kumi baba yake huegemeza baiskeli ukutani,
hupangusa vumbi la Isevya miguuni,
hunikabidhi mtoto kama arejeshaye sufuria ya jirani.
"Tulimwita Mihayo, dada. Kwetu mihayo ni maneno.
Sasa tazama. Mwaka mzima, limebaki jina tu."

Chumba changu kilikuwa stoo ya kliniki.
Kuna mkeka, beseni la mchanga, udongo wa mfinyanzi,
wanasesere wanne wa matambara, mmoja hana mguu,
na viberiti vitupu kumi na viwili
nilivyoviomba kwa mama ntilie wa Gongoni.
Saa ya ukutani iko mbele dakika tatu. Siirekebishi.

Mihayo hataki wanasesere.
Huvipanga viberiti, kimoja nyuma ya kimoja,
huvisukuma polepole mpaka katikati ya mkeka.
Husimama.
Halafu huvikata: sita huku, sita kule.
Hawa chini ya kabati, wale ukutani.
Huvirudisha. Huanza tena.
Tangu karanga zilipopandwa hadi zilipong'olewa.

Na mimi, mnisamehe, nilikuwa nasinzia.
Si uchovu. Usiku nililala, mchana nilikunywa tangawizi.
Ila akigusa kiberiti cha saba, kope zinageuka mawe,
taya linaachama lenyewe,
napiga miayo hadi machozi.
Niliona haya. Nikamwandikia Bi. Kalunde aliyenifunza:
nadhani kazi hii siiwezi.
Akajibu kwa mstari mmoja:
"Usingizi huo ni wa nani?"

Nililala na swali hilo siku sita.
Tabora nzima inajua: treni hukatwa hapa, usiku,
mabehewa ya Mwanza yaende Mwanza,
ya Kigoma yaende Kigoma,
na aliyelala haambiwi.
Kwenye faili lake, kwa mwandiko wa nesi, kuna haya tu:
Mama alisafiri. Mtoto alikuwa amelala.

Jumanne sikupigana nao. Niliuacha uje hadi kope,
nikasema, naye amenipa mgongo:
"Kuna mtu humu anaogopa kulala.
Pengine anadhani angekaa macho,
treni isingekatwa."

Mkono ukasimama juu ya kiberiti cha saba.
Nje mtu alikuwa anauza asali,
anaapa ni ya miombo, haina hata tone la maji.
Sikuongeza neno.
Ni kazi ngumu, kutoongeza neno;
ulimi unawasha kama umelamba upupu.

Hakulia. Hakugeuka.
Alikitia kiberiti kinywani, akakiuma.
Alama za meno zipo mpaka leo.

Kisha wiki tatu nyingine za yale yale:
treni, kata, kabati, ukuta.
Nikaanza kujiona mjinga wa kusoma viberiti
kama wengine wasomavyo kahawa.

Jana alikuwa tumboni chini ya kabati,
anatafuta behewa lililopotelea vumbini.
Sauti ikatoka huko, kavu kama michembe:
"Leo hujapiga miayo."

Nikasema, "Kumbe unaniona."

"Huwa nahesabu."

Akatoka, buibui kwenye nywele, akaendelea kucheza
kama hakuna aliyesema kitu.

Nje baba akauliza, kidole kwenye kengele,
"Vipi dada, ametamka chochote?"
Mihayo alikwisha panda keria.
Akanitazama, kwa mara ya kwanza usoni,
akisubiri kuona kama nitamtoa.

"Tumecheza," nikasema.

Jioni nilivihesabu viberiti: kumi na kimoja.
Kanuni ni yangu mwenyewe, kwamba cha humu hakitoki.
Nimevipanga sandukuni,
na cha saba nimekiachia nafasi yake,
mpaka Jumanne.